Dari ikivuja, uliza "lini" kabla ya kuuliza "wapi"

Doa la kwanza huwa dogo, la rangi ya chai, na mara nyingi si wewe unayeliona. Analiona mgeni aliyeegemea kochi akiinua macho. Kinachofuata nimekishuhudia katika nyumba nyingi: anaitwa fundi, anapanda na kopo la lami, anapaka kila msumari ulio juu ya lile doa, anashuka, analipwa. Masika ikiingia doa limerudi, na safari hii limezaa.

Hapo fundi hakukosea kazi ya kupaka. Alikosea kuamini kwamba maji hudondoka wima. Maji yanayopenya kwenye bati hushikilia upande wa chini wa bati, yakafuata papi (mbao ambazo bati hupigiliwa), yakashuka na mbao ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yakakutana na msumari au waya wa taa, na hapo ndipo yanapodondokea dari. Nimewahi kukuta tundu likiwa mita nne kutoka kwenye doa. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na wakati: maji yanatoka lini? Mvua ikinyesha tu? Hata kiangazi? Mtu akioga? Alfajiri ya baridi? Jibu la swali hilo hufuta nusu ya visababishi kabla hujagusa ngazi.

Kwanza umeme, pili tumbo la dari

Kama maji yako karibu na taa, feni au swichi, zima umeme wa sehemu hiyo kwenye swichi kubwa. Usizime kwa swichi ya ukutani ukadhani yameisha, kwa sababu waya zilizo darini bado zina umeme. Usiguse taa yenye maji ndani ya kioo chake. Muite fundi umeme aikague na kuikausha kabla hamjawasha tena.

Dari ya jipsamu ikianza kushuka na kufanya tumbo, maji yamekaa juu yake. Dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita moja tu ni lita kumi, yaani kilo kumi zinazoning'inia juu ya kitanda cha mtoto. Ondoa watu na vyombo, weka ndoo, simama pembeni, kisha toboa tundu dogo kwa bisibisi mahali palipoinama zaidi. Watu huogopa kutoboa wakidhani wanaharibu dari. Ubao uliokwisha kuinama umeshaharibika. Tundu linakuokoa usiangukiwe na chumba kizima.

Maji yakipungua, chukua penseli uzungushe mstari kwenye ukingo wa doa, uandike tarehe. Mstari huo ndio daftari lako. Doa likiuvuka, bado panavuja. Lisipouvuka baada ya mvua kubwa tatu au nne, umepata dawa.

Inavuja mvua ikinyesha tu

Hapa paa ndilo linaloshukiwa, lakini paa lina sehemu nyingi na kila moja huvuja kwa tabia yake.

*Maji yanaanza dakika chache tu baada ya mvua kuanza, hata ya rasharasha.* Hilo ni tundu la wazi: msumari uliochomoka, bati lililopasuka au lililoliwa na kutu. Msumari wa bati una mpira chini ya kofia yake, na jua letu huukausha mpira ule hadi ukawa mgumu na kupasuka. Bati nalo hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari unalegea kidogo kidogo na tundu linapanuka. Kupaka lami juu ya msumari uliolegea ni kazi ya msimu mmoja, kwa sababu bati litaendelea kucheza na lami itapasuka. Ng'oa msumari, weka skrubu ya bati nene kuliko tundu la zamani, yenye mpira mpya. Ikaze mpaka mpira utokeze kidogo pembeni mwa kofia, usiukaze hadi ukasagika. Na kwenye bati la mawimbi, msumari hupigwa mgongoni mwa wimbi. Ukikuta umepigwa bondeni, maji yanapopita, umeshampata mchawi.

*Inavuja mvua ya upepo tu.* Mvua ya wima ya usiku kucha haileti kitu, kisha inakuja ya nusu saa yenye upepo na sebule inalowa. Angalia kofia ya paa, ile ya juu kabisa mapaa mawili yanapokutana, na pale bati moja linapopanda juu ya jingine. Upepo husukuma maji kupanda kinyume na mteremko. Bati zikipandana kidogo mno, maji hunyonywa katikati yake kama utambi unavyonyonya mafuta. Kwenye urefu, bati lipande jingine kwa sentimita 15 hadi 20, na paa la mteremko mdogo lihitaji zaidi. Ukikuta fundi alibana sentimita tano ili bati zitoshe, silikoni haitakusaidia muda mrefu. Bati zifunguliwe zipangwe upya, ingawa najua hakuna mwenye nyumba anayependa kulisikia hilo.

*Inaanza mvua ikishakolea, kisha inamwaga kwa wingi.* Maji yamezibiwa njia mahali fulani, yakarudi nyuma. Hapa panahitaji muda, maana ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia bila paa lenyewe kuwa na tundu hata moja.

Kama paa lako lina kona, lina bonde, yaani bati lililokunjwa pale miteremko miwili inapokutana. Maji ya pande zote mbili hupita hapo. Majani ya mwembe na mwarobaini hujikusanya ndani yake, yanaoza, yanageuka udongo, na nimekuta mche wa mpapai ukiwa umestawi kabisa bondeni humo. Mvua ikija, maji yanapanda ukingo wa bonde na kuingilia chini ya bati. Ukimuita fundi kesho yake jua likiwaka ataona bati zima na kukuambia hakuna tatizo. Safisha bonde na mifereji ya paa Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli.

Mfereji wa ukingoni ukiziba, doa hutokea ndani kando ya ukuta wa nje, na ubao wa upenuni hubabuka rangi na kuwa laini. Bonyeza kwa ufunguo. Ukizama, ubao umeoza.

Kisha kuna paa la kuficha, lile lenye ukuta uliopanda kuzunguka nyumba ili bati lisionekane barabarani. Linapendeza na sasa liko kila mtaa. Niseme ukweli unaostahili kusemwa: kwa mvua za pwani ni paa linalodai uangalizi kuliko wengi walivyoambiwa walipochagua ramani. Piga hesabu hii. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, zimeanguka lita 5,000. Hilo ni tenki kubwa zima la nyumbani, na lote linatakiwa lipite kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta na kutoka kwa bomba moja au mawili. Mfuko wa plastiki ulioletwa na kunguru ukikaa juu ya tundu moja, maji yanajaa mfereji na njia pekee iliyobaki ni kuingia ndani. Kama una paa la namna hii, hakikisha kuna njia zisizopungua mbili za kutolea maji. Pia fundi atoboe ukutani tundu la dharura, chini kidogo ya kimo ambacho maji yangeingia ndani. Maji yakionekana yanatoka hapo kwa nje, unajua mfereji umeziba. Ukague pia mgongo wa ukuta wenyewe. Nyufa za lipu pale juu hunyonya maji na kuyashusha ndani ya tofali, na doa hutokea kwenye kona ya dari na ukuta. Watu hulilaumu bati, kumbe bati halina kosa.

*Jinsi ya kulipata tundu.* Wakati mzuri wa kutafuta ni mvua ikiwa inanyesha, ukiwa ndani ya dari na tochi, umezima umeme. Kanyaga mbao za kenchi tu, kwa maana jipsamu haibebi mtu. Mchana wa jua, zima tochi utulie dakika mbili, na tundu lolote litaonekana kama nyota. Tafuta pia michirizi myeusi kwenye mbao, uifuate kupanda mpaka mahali pa juu kabisa palipolowa.

Mvua isipokuwepo, mtu mmoja abaki darini na mwingine awe nje na mpira wa maji. Anza kumwagia chini, upenuni, dakika kumi hadi kumi na tano sehemu moja, ndipo upande kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita matundu yote kwa mpigo na hutajua ni lipi. Usipande juu ya bati lililolowa. Na kama paa la nyumba yako ni lile la zamani la kijivu, gumu kama saruji, huenda lina asbesto. Usilitoboe, usilipige brashi, usilivunje, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Tafuta wataalamu wa kuliondoa.

Inavuja na mvua haipo

Mwezi wa kwanza mwaka fulani, upepo wa kaskazi ukivuma, mama alinipigia simu kutoka Tanga. "Mwanangu, mvua haijanyesha wiki ya tatu hii, haya maji ya chumbani kwangu yanatoka wapi?" Mafundi wawili walikuwa wameshapanda juu. Mmoja alipaka lami, mwingine alibadilisha bati mbili nzima.

Nikaenda, nikalala chumbani mwake chini kwenye mkeka. Saa tatu usiku kukavu. Saa sita kukavu. Saa tisa nikasikia: ndo, ndo, ndo. Nikatoka nje na tochi, nikapanda ngazi hadi kwenye slabu ya bafu lilipo tenki. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye bomba la ziada, lile la kutolea maji tenki likijaa kupita kiasi, kimya kabisa, yakitambaa juu ya zege hadi kwenye ufa mdogo kando ya ukuta. Nilipofungua mfuniko nikakuta boya limepasuka na kujaa maji, limezama. Koki haikuwa na cha kuifunga. Mchana maji ya bomba yalikuwa na nguvu ndogo, nyumba inatumia, tenki halijai. Usiku wa manane mtaa umelala, nguvu inapanda, tenki linafurika. Asubuhi jua lilikuwa limekausha slabu kabla mtu yeyote hajaamka.

Tulinunua boya jipya. Na bomba la ziada tulilirefusha hadi nje ya dirisha la jikoni, likamwagie mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuona. Nawashauri wote wenye tenki juu ya nyumba wafanye hivyo.

Kama tenki halina kosa, hamia kwenye mabomba, na hapa tofautisha mawili. Bomba lenye maji ya nguvu likivuja, dari hulowa usiku na mchana bila kupumzika. Bomba la maji machafu huvuja pale tu mtu anapooga au kuvuta choo, na doa lake mara nyingi huja na harufu.

Kupima mabomba ya maji safi, funga koki zote usiku na usome mita, kisha usome tena asubuhi. Lakini zingatia: nyumba nyingi mita huhesabu maji yanayoingia kwenye tenki, wala si yanayotoka. Bomba likivuja baada ya tenki, mita inaweza isionyeshe kitu mpaka boya lishuke. Kwa hiyo funga na koki ya kuingizia tenki, chovya fito kavu hadi chini, uweke alama pale ulowevu unapoishia, urudie alfajiri. Alama ikishuka na hakuna aliyetumia maji, bomba linavuja baada ya tenki.

Bafu la ghorofani lipime kwa hatua, kila hatua siku yake. Siku ya kwanza mimina ndoo ya maji moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni bila kulowesha sakafu. Dari ikilowa, tatizo ni bomba la kutolea. Siku ya pili ziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, jaza sakafu maji ya sentimita mbili, uache saa 24. Dari ikilowa, sakafu ndiyo inayopitisha. Siku ya tatu mwagia kuta. Wengi wanaamini marumaru huzuia maji. Marumaru yenyewe ndiyo, lakini saruji ya kwenye viungo hupitisha, na kinachotakiwa kuzuia ni utando uliopakwa chini ya marumaru. Usipokuwepo, kujaza viungo upya kutakupa nafuu, ila dawa yenyewe ni kubandua sakafu na kupaka huo utando.

Kiyoyozi nacho kisisahauliwe. Doa lililo karibu nacho, linalokua majira ya joto na kulala majira ya baridi, ni bomba lake la kutolea maji lililozibwa na utelezi, au bomba la shaba lililopita darini bila sponji yake, likatoa jasho kama chupa ya soda. Bomba lizibuliwe, sponji ivishwe kote.

Alfajiri tu, na matone yametapakaa

Kwa wakazi wa Njombe, Mafinga, Limuru na nyanda nyingine za baridi: kama maji huonekana asubuhi bila mvua, madoa madogo madogo yamesambaa chumba kizima, na bati kwa ndani limejaa matone, hilo halivuji. Mvuke wa jikoni, bafuni na pumzi za watu umepanda darini, ukakutana na bati la baridi, ukageuka maji. Hapo paa linahitaji hewa: matundu ya upenuni na mengine juu karibu na kofia, ili hewa ipite. Lami haina kazi hapa.

Dari ya zege

Slabu huvuja polepole na husema kwa rangi. Chumvi nyeupe inayoota kama ndevu maana yake ni maji yamekuwa yakipita ndani ya zege muda mrefu. Rangi ya kutu ni habari mbaya zaidi, nondo imeanza kuliwa, na nondo yenye kutu huvimba na kuisukuma zege itoke. Gonga kwa mpini wa nyundo. Pakilia kama pango, au vipande vikianza kudondoka, hamisha watu chini yake na umuite mhandisi.

Usikubali kupakiwa rangi ya kuzuia maji kwa upande wa chini. Maji yatabaki ndani ya zege yakiila nondo, wewe ukiona dari safi. Slabu hutibiwa kwa juu: kusawazisha mteremko ili maji yasituame, kuziba nyufa, kutandika utando wa lami au kupaka dawa ya kuzuia maji hadi ipande ukutani.

Ukiwa kwenye ghorofa na maji yanatoka kwa jirani wa juu, mpandie ukiwa na picha na ombi, mpime bafu lake pamoja. Mara nyingi naye hajui, kwake kukavu.

Na wenye nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, zenye dari za boriti na chokaa: msizibe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila kuonekana. Chokaa itengenezwe kwa chokaa.

Kuitengeneza dari yenyewe

Hii ni kazi ya mwisho, na wengi huifanya ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Fungua madirisha, washa feni, kausha. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili, hivyo usingoje Jumamosi. Jipsamu ikikauka ikawa ngumu na haijapinda, inabaki. Ikibonyea kwa kidole gumba, ikiwa imeinama au ina ukungu mweusi, ikate hadi katikati ya mbao zilizo imara, uweke kipande kipya, utepe kwenye viungo, kisha skimu, ule mpako mwembamba wa kulainisha. Vaa barakoa unapotoa iliyooza. Silingi bodi ikishavimba hairudi, itoe tu.

Zege hukauka taratibu. Bandika kipande cha plastiki kwa gundi ya utepe pande zote, ukiache saa 24. Ukikuta jasho chini yake, bado. Na doa la rangi ya chai hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono minne, kwani maji huliyeyusha tena. Paka kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta juu ya doa lililokauka, ndipo rangi ya kawaida.

Fundi ukimwita, mwombe akupigie picha ya tundu kwa simu kabla hajaliziba, na nyingine baada ya kuziba. Fundi mzuri hachukii ombi hilo. Anayesema "tatizo ni paa zima" bila kukuonyesha hata sehemu moja, mshukuru umtafute mwingine.

Doa la chumbani kwa mama tuliliacha na mstari wake wa penseli Februari yote, Machi, Aprili, hadi masika ilipokwisha. Halikuuvuka. Mwezi wa sita nikanunua rangi.